Nimefunga kontrola kubwa, mbona spidi ni ileile?

Swali: Fundi habari, nina kigari cha gofu cha umeme, volti 48. Nimetoa kontrola iliyokuja nacho nikafunga ya ampea 500 nikijua kitakimbia, sasa kinaondoka kwa nguvu balaa na mlima kinapanda kirahisi ila kwenye tambarare spidi ni ileile. Nimepigwa?

Jibu: Hujapigwa mkuu, kontrola inafanya kazi yake, sema watu wanaipa sifa isiyo yake. Yenyewe haizalishi umeme, inachofanya ni kuwasha na kukata umeme wa betri kwenda kwenye mota maelfu ya mara kwa sekunde, ukikanyaga kidogo muda wa kuwasha unakuwa mfupi, ukikanyaga mpaka chini inaachia wazi. Na ikishaachia wazi mota inapata volti zote za betri, basi, iwe ya ampea 250 au 500 zote zinakufikisha kwenye 48 zilezile, za ziada izitoe wapi? Ampea ni nguvu ya kuvuta, mizunguko inatokana na volti.

Ila hapo naongelea mota ya sirizi, yaani ile ambayo umeme uleule unapita kwenye koili zake zote kwa mfululizo, kwa hiyo kwanza chungulia terminali za mota yako. Zikiwa nne zote nene, A1, A2, S1, S2, ni sirizi. Ukikuta A1 na A2 nene halafu F1 na F2 nyembamba, hiyo ni sepeksi, koili ya fildi (inayotengeneza sumaku ndani ya mota) inalishwa peke yake na kontrola, na hapa mambo yanabadilika kabisa kwa sababu kontrola ikipunguza umeme wa fildi mota inaongeza mizunguko, halafu kuna sensa ya spidi inayoiambia ikifika kikomo ibane. Kwa hiyo kwenye sepeksi spidi inaweza kupanda kwa kubadili programu tu bila kushika spana. Waya nene tatu ni mota ya AC, huko kontrola ndo inaamua kila kitu. Na usije ukanunua kontrola ya sirizi ukaifunga kwenye sepeksi, haziingiliani.

Kama ni sirizi, mimi nisingeanza na kuongeza betri maana itabidi uguse chaja, solenoidi (ile swichi kubwa inayounganisha umeme wa betri na kontrola) na kontrola yenyewe, zote lazima ziwe za volti hiyo mpya. Wewe sasa hivi una nguvu ya kuvuta imezidi, itumie hiyo: weka tairi kubwa zaidi au gia ndefu, yaani inayozungusha tairi zaidi kwa mizunguko ileile ya mota. Kwa kontrola ya zamani ungelia kwenye mlima, kwa hii ya 500 utapita.

Halafu hujasema kama solenoidi na waya umebadilisha. Ampea 500 kwenye waya wa kiwandani zinachemsha mpaka terminali za betri zinayeyuka, weka angalau milimita za mraba 35. Ile rezista ndogo ya kwenye solenoidi usiitupe, inajaza kapasita za kontrola (vihifadhi chaji vya ndani yake) taratibu, bila hiyo kontakti za solenoidi zinapiga cheche mpaka siku zinagandana na kigari hakikati umeme.

Breki je? Vingi vina breki za nyuma tu, na spidi ikiwa mara mbili umbali wa kusimama unakuwa kama mara nne. Zikague kabla hujaongeza hata kilomita 5.

Nitumie herufi za kwenye mota na saizi ya tairi ulizonazo, tupige hesabu ya gia.