Kwa mnaoanza kazi wodi ya saratani ya damu

Wadogo zangu, siku majibu ya damu yakirudi mazuri, mgonjwa akaomba ugali na ndugu wakaanza kuulizia nauli, furahini nao. Ila msimwambie kinga imerudi. Nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, hupanda mapema, mara nyingi wiki tatu hivi baada ya kemo. Limfosaiti T, chembe nyeupe nyingine za kinga, huchelewa: zinaanzia kwenye uboho, kisha zinakomazwa kwenye thaimasi, tezi iliyo nyuma ya kidari, nayo husinyaa kadiri umri unavyokwenda. Ndiyo maana mtu mzima huchelewa kuliko mtoto, na miezi mingi baadaye anaweza kurudi na mkanda wa jeshi. Akirudi nao, msiishie kupima VVU. Ulizeni alitibiwa nini.

Bandama ndiyo inayowapotosha wengi. Huku kwetu ikiwa kubwa tunawaza malaria au kichocho, na mara nyingi ndivyo. Lakini ya kawaida ina gramu kama 150 na haishikiki, wakati kwenye saratani sugu ya damu aina ya mailoidi inaweza kuvuka kitovu. Papaseni kuanzia chini kulia, mpande taratibu kuelekea mbavu za kushoto huku mgonjwa akivuta pumzi. Ukianzia mbavuni, mkono utakaa juu ya bandama yenyewe usijue.

Andikeni kila kliniki imeshuka sentimita ngapi chini ya mbavu. Imatinib, dawa ya vidonge ya saratani hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huirudisha ndani vizuri. Bandama ikianza kukua na kushuka tena, huenda dawa imeshindwa, au vidonge havinywewi. Muulizeni kwa upole. Wengine wamekosa tu nauli ya kuvifuata.

Aliyetolewa bandama aandikiwe kwenye kadi kwa herufi kubwa: HANA BANDAMA. Homa yake ni dharura, maana nimonia, homa ya uti wa mgongo na malaria humwendea mbio. Kipimo cha malaria kikiwa chanya, bado antibiotiki isicheleweshwe. Chanjo za vimelea hai, kama ya homa ya manjano, asichome bila daktari wake kuruhusu.

Kisha kuna uboho wenyewe. Siklofosfamidi, mojawapo ya dawa za kemo, inaweza kuuachia kovu linalojitokeza miaka 5 hadi 10 baadaye, hata kama saratani ya kwanza ilikwisha. Mkiona damu inapungua polepole na chembe nyekundu ni kubwa kupita kawaida, msikimbilie vidonge vya madini ya chuma. Shukeni maabara, mkaitazame slaidi pamoja na aliyeisoma.