Alimrithisha, alimwusia au alimwachia?

SWALI: Natafsiri habari za wosia wa George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliouandika Julai 1799. Nimeandika hivi: “Washington alirithisha mkewe mali yote na kuwausia wapwa wake watano panga zake.” Mwenzangu anasema sentensi nzima ina kasoro. Kosa liko wapi? Na kipi sahihi, wasia au wosia? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Tuanze na lililo jepesi. Wasia na wosia ni neno moja. La kwanza liko karibu zaidi na Kiarabu, la pili ndilo limezoeleka magazetini na mahakamani. Shika moja, usichanganye.

Sasa “alirithisha mkewe”. Ukiacha kiambishi -m-, msomaji anaweza kudhani mke mwenyewe ndiye aliyegawiwa, na kwa watu wanaojua desturi ya kurithi wajane, dhana hiyo haiko mbali hata kidogo. Andika “alimrithisha”. Lakini hata hapo hujamaliza, kwa kuwa mke huyo, Martha, hakurithishwa mali yote. Kiwanja chenye majengo mjini Alexandria, jimboni Virginia, alipewa kiwe chake na cha warithi wake daima, pamoja na samani, vyombo vya jikoni na hata vinywaji vitakavyokutwa nyumbani. Hivyo alirithishwa, sina ubishi. Sehemu kubwa ya mali iliyosalia, inayohamishika na isiyohamishika, aliachiwa aitumie na ale mapato yake maadamu yu hai. Akishafariki, nyumba ya Mount Vernon na mashamba yanayoizunguka yaende kwa Bushrod Washington, mtoto wa ndugu yake Washington. Kwa Kiswahili, aliyerithi shamba ni mwenye shamba, akitaka aliuze. Martha hakuwa na mamlaka hayo juu ya Mount Vernon, kwa hiyo hapo sema “alimwachia”, kisha utaje na sharti lake.

Ungeweza kuandika “alimwusia mkewe mali”? Wapo wanaosema hivyo, ila mimi nalikwepa. Kuusia kwanza ni kuagiza na kunasihi. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi wa wasia katika karne ya 19, alichompa ni mawaidha ya dini na ya unyumba. Hakuwa akigawa minazi. Tena msomaji Mwislamu ataguna, maana kwake wasia hauzidi theluthi ya mali wala haumlengi mrithi ila warithi wenzake waridhie. Mke asiye na wenzake ana fungu lake katika mirathi: robo ikiwa mume hakuacha mtoto, thumni akiwa ameacha. Washington hakuzaa, na sheria ya Virginia ilimpa nafasi pana ya kuamua nani apate nini. Ndiyo maana nisingeita mgao wake “mirathi” bila maelezo. Wala si “hiba”, kwani hiba mtu huitoa angali hai.

Kwenye panga ndipo kuusia kunapopata kazi yake halisi. Washington hakuishia kugawa silaha. Aliagiza zisichomolewe alani kwa kumwaga damu, isipokuwa kwa kujilinda au kuitetea nchi na haki zake. Hapo vitenzi viwili vinasimama bega kwa bega: aliwaachia panga, akawausia namna ya kuzishika.

Na hao “wapwa watano”? Mpwa, kwa Kiswahili kilichotulia, ni mtoto wa dada kwa mjomba wake. Katika watano hao, George Lewis peke yake ndiye mpwa, kwa kuwa mama yake, Betty, alikuwa dada wa Washington. William Augustine, George Steptoe, Bushrod na Samuel ni watoto wa ndugu zake wa kiume. Bushrod, kwa mfano, alizaliwa na John Augustine, mdogo wake Washington. Kwetu angemwita rais huyo baba mkubwa. Najua siku hizi mpwa hutumika kwa wote, na kwenye taarifa ya mpira nisingekusumbua. Kwenye habari za urithi, upande wa kuumeni na wa kukeni ni jambo la kuangalia.

Jihadhari pia ukifika kwenye watumwa. “Aliwaachia huru” haifai. Sema “aliagiza waachwe huru”. Agizo hilo liliwahusu watumwa waliokuwa mali yake mwenyewe tu, na lilingoja kifo cha Martha, isipokuwa kwa William Lee, aliyepewa uhuru papo hapo na posho ya dola 30 kwa mwaka. Martha hakungoja: waliachwa huru Januari 1801, naye akafariki mwaka uliofuata.

Mimi ningeandika: “Washington alimwachia mkewe sehemu kubwa ya mali aitumie maisha yake yote. Wana watano wa ndugu zake aliwaachia panga, akawausia wasizichomoe ila kwa kujilinda au kuitetea nchi yao.”