Mbwa wangu ana kifafa na siwezi kuendelea kukaa naye

*Shangazi, nina mbwa jike wa miaka 6, Tausi, mwenye kifafa. Humeza dawa asubuhi na jioni, na siku hizi huanguka mara moja tu kila baada ya miezi miwili hivi. Mama yangu amepooza upande mmoja, nami nalazimika kuhamia kwake kumuuguza, lakini nyumba anayopanga hairuhusu mbwa. Dada yangu anasema nimtoe Tausi bila kutaja ugonjwa, kwani hakuna atakayemtaka. Najiona msaliti. Nifanyeje? Mwenye Simanzi.*

Mwanangu Mwenye Simanzi,

Pole kwa kuuguza, na pole kwa uamuzi huu mzito. Kwenda kumhudumia mama aliyekulea si kumsaliti Tausi. Kumsaliti kungekuwa kufuata ushauri wa dada yako, hata kama aliutoa kwa huruma.

Dawa ambayo mbwa wengi wenye kifafa hupewa ni fenobabitali, nayo hutolewa kila baada ya saa 12. Ikikatishwa ghafla, mwili uliokwisha kuizoea unaweza kuingia katika degedege ya mfululizo inayoua. Dawa hiyo pia humtia mbwa kiu na njaa kali na kumfanya akojoe mara nyingi, kwa hiyo asiyeambiwa atamwona mlafi na mchafu, na huenda akamchapa kwa jambo lisilo kosa lake. Na usiku atakapoanguka huku akitokwa na povu na kupiga miguu hewani, wenyeji wake wapya wanaweza kudhani ana kichaa cha mbwa. Unajua jinsi anavyotendewa mbwa anayeshukiwa hivyo.

Kwa hiyo ugonjwa utajwe katika sentensi ya kwanza ya tangazo lako, pamoja na ukweli kwamba umedhibitiwa. Watakaopiga simu watakuwa wachache, na uchache huo ni faida kwako, maana waliobaki ndio wa kuzungumza nao. Anza na daktari wa mifugo anayemtibu Tausi, kwa kuwa yeye huzijua familia ambazo zimewahi kutunza mnyama mgonjwa bila kuchoka. Kisha uliza vituo vinavyopokea mbwa, lakini hakikisha kwanza kwamba kuna mtu anayetoa dawa kwa saa zake hata siku za mapumziko.

Akipatikana mtu, mwonyeshe video ya Tausi akiwa ameanguka, toka mwanzo hadi anapoinuka akiyumba na kugonga viti kana kwamba haoni. Mtazame usoni wakati anaitazama. Anayeuliza, "Mimi nifanye nini hapo?" ananipa matumaini kuliko anayesema kwamba haogopi chochote. Mweleze asimtie mkono mdomoni, asogeze vitu vinavyoweza kumuumiza, na aangalie saa, kwa sababu degedege ikipita dakika 5, au ikirudi ndani ya saa 24, ni dharura ya kumkimbiza kwa daktari. Mwache ampe Tausi kidonge kwa mkono wake mwenyewe mbele yako, tena zaidi ya siku moja. Uliza pia kama ana mbwa wengine, kwa maana wapo wanaomvamia mwenzao anapotetemeka, na kama kuna bwawa au ngazi ambazo hazijazibwa.

Andikianeni kwamba mwezi wa kwanza ni wa majaribio na kwamba akishindwa atamrudisha kwako, hatampa mtu mwingine. Najua kwa mama hakuna nafasi yake. Ndiyo sababu ukubaliane mapema na rafiki au kituo kitakachompokea kwa siku chache. Mkabidhi dawa za kutosha mwezi mzima, daftari la tarehe alizoanguka, na majibu ya vipimo vya damu, kwani ini la mbwa anayetumia fenobabitali hupimwa mara kwa mara. Gharama hizo zitaje waziwazi. Afadhali mtu akatae leo kuliko kuanza kuruka dozi baada ya miezi mitatu.

Wapo watakaokushauri alazwe usingizi wa milele. Kwa mbwa anayekula, anayecheza na ambaye dawa inamsaidia, mimi sioni sababu, na sidhani kama daktari wako ataiona.

Usisubiri wiki ya kuhama. Kumpata mtu wa namna hii huchukua muda mrefu kuliko kumpatia makao mbwa mzima, kwa hiyo mwombe ndugu mwingine asaidie kumuuguza mama kwa zamu wakati unatafuta, na dada yako awe wa kwanza kuombwa.