Kontena litawaka kwa dakika kumi, kuaminika kwa barua zako kutachukua wiki

Vijana wanaotaka kuhamishia barua pepe za ofisi kwenye seva yao wenyewe huniuliza kwanza ni imeji gani ya Docker wachukue, yaani kifurushi kipi cha programu kinachowashwa kama kontena, sanduku lililojitenga ndani ya mashine. Hilo nalijibu haraka: docker-mailserver inatosha. Ndani yake kuna Postfix ya kupokea na kutuma, Dovecot inayowafikishia watu barua kwenye simu zao, na Rspamd ya kuchuja barua taka. Ukitaka na ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari, zipo mailcow na Mailu. Chagua moja, tuendelee. Ila ukishaliwasha kontena la docker-mailserver, fungua akaunti ya kwanza ndani ya dakika mbili, la sivyo litajizima, nawe utadhani umekosea mahali.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye anwani ya IP. Usiiweke seva hii nyumbani. Kwenye laini za majumbani, mara nyingi wateja wengi hugawana anwani moja, na hata ukipata ya peke yako, huenda tayari imo kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linalofuatilia watuma barua taka, ya anwani zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Kodi seva, na kabla hujalipa uliza mambo mawili: je, poti 25 ya kutokea nje, mlango ambao seva hupelekeana barua, itafunguliwa? Na je, nitaweza kuweka rekodi ya PTR? Niliwahi kulipia miezi 6 kwa kampuni moja bila kuuliza. Poti ile haikufunguliwa hata baada ya maombi matatu, na fedha ya mteja wangu haikurudi.

PTR ndiyo inayowapotezea wanaoanza siku nyingi kuliko rekodi nyingine yoyote. Rekodi ya kawaida ya DNS, daftari la majina ya mtandaoni, inatoka kwenye jina kwenda kwenye IP, na PTR inatoka kwenye IP kurudi kwenye jina. Rekodi hizo mbili zikubaliane, na jina lake liwe ndilo seva yako inalojitaja inapobisha hodi kwa seva nyingine. PTR haiwekwi kule uliponunua domeni. Inawekwa na mwenye IP, yaani kampuni iliyokukodishia seva.

Kisha kuna SPF inayotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lako, DKIM inayotia sahihi kila barua, na DMARC inayowaelekeza wapokeaji wafanye nini barua isipothibitika kwa hizo mbili. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na zote tatu kwa wanaotuma barua nyingi. Wewe weka zote tatu hata kama ofisi ina watu 4. DMARC ianze na p=none, yaani isizuie barua yoyote, usome ripoti kwa wiki kadhaa, ndipo ukaze. Kwenye DKIM angalia jambo moja: ufunguo wa biti 2048 unazidi herufi 255, ambazo ndizo kikomo cha kipande kimoja cha rekodi ya TXT, ile ya maandishi kwenye DNS, hivyo unagawanywa vipande. Zipo paneli za DNS zinazokata mkia wake kimyakimya. Baada ya kuhifadhi, isome rekodi upya kwa amri ya dig uone kama imefika nzima.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba ulishike kuliko yote. Kontena lina mtandao wake wa ndani, na mtandao huo unaweza kuificha seva yako isijue nani anaongea nayo. Mgeni akija kwa IPv6, aina mpya ya anwani za IP, huku mtandao wa kontena una IPv4 ya zamani tu, Docker inampokea kwa niaba ya kontena na kumwingiza kwa anwani ya ndani, tuseme 172.18.0.1. Kama uliiambia Postfix iuamini mtandao wa ndani, basi kila mpita njia anahesabiwa mwenyeji.

Mimi niliruhusu hivyo kwenye seva ya ofisi ya wahasibu Morogoro, ili programu yao ya ankara itume barua bila nywila. Baada ya wiki tatu nikakuta foleni imejaa maelfu ya barua ambazo hakuna mtu wa ofisi ile aliyeziandika. IP ikaingia kwenye orodha nyeusi. Ilikuwa inakaribia tarehe 20, mwisho wa kupeleka ritani za VAT, na barua zao kwa wateja zilikuwa zinarudi. Walihangaika kwa simu na WhatsApp siku tisa kwa sababu ya mstari mmoja niliouandika mimi.

Kwa hiyo, kwenye mipangilio ya docker-mailserver, weka PERMIT_DOCKER=none ili mtandao wa ndani usiaminiwe. Kila programu, hata iliyo kwenye mashine hiyohiyo, iwe na akaunti na nywila yake na ipitie poti 465 au 587. IPv6 ama iwashe vizuri hadi ndani ya mtandao wa Docker, ama chapisha poti, yaani zifungue kwa nje, kwenye IPv4 peke yake na uondoe rekodi ya AAAA, inayoelekeza jina kwenye IPv6. Halafu jaribu: washa data ya simu, ingia kwenye akaunti yako, soma logi. Ukiona umeandikwa kwa anwani inayoanza na 172 badala ya anwani halisi ya simu, zima seva urekebishe kwanza. Usitegemee ufw, ukuta wa moto wa Linux, ikuokoe hapo, kwa sababu Docker huandika kanuni zake za iptables, kichujio cha mtandao kilicho chini ya ufw, na poti iliyochapishwa hupita hata kama ufw imekataa.

La mwisho ni data. Kontena hufutwa na kuundwa upya kila unapoboresha imeji, kwa hiyo barua, hali ya seva na folda ya mipangilio, ambamo funguo za DKIM hukaa, vyote viwe kwenye volumu, hifadhi iliyo nje yake. Chukua nakala kila usiku uipeleke kwenye mashine nyingine, na mara moja kwa mwezi irudishe kwenye seva tupu uone kama barua zinafunguka. Siku seva halisi ikifa, usihamaki: Postfix ya mtumaji, isipobadilishwa, huendelea kujaribu kukufikishia barua kwa siku 5. Muda huo unatosha kurudisha nakala, mradi uliwahi kufanya hivyo kabla.