Maneno ya Sala Hayaji

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu amelazwa wiki ya tatu sasa, na mwezi huu huu nimeachishwa kazi. Chakula hakipiti. Nashtuka saa tisa usiku, nataka kusali, maneno hayaji. Wenzangu wa kikundi cha maombi wanasema imani yangu imepungua, nifunge siku 7. Je, Mungu ameniacha? – Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Pole ya mgonjwa na pole ya kazi.

Kwanza, usifunge. Soma 1 Wafalme 19. Nabii Eliya alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Malaika hakumpima imani wala hakumpangia mfungo. Alimgusa akamwambia ainuke ale. Akala mkate, akanywa maji, akalala. Akaguswa tena, akala tena. Ile sauti ndogo ya Mungu kwenye mlima Horebu aliisikia baada ya safari ya siku 40, akiwa ameshakula na kulala. Basi nawe ukishtuka saa tisa, anza na maji, na kama jioni hukula, tia kitu tumboni.

Kisha ondoka kitandani, ukae kitini. Maneno hayaji kwa sababu unatafuta mapya wakati kichwa kimechoka. Azima ya wengine. Zaburi ya 13 ina mistari 6 tu, na katika ile miwili ya mwanzo Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara 4. Hayo ni malalamiko, na ni sala kamili. Isome polepole kwa sauti ya chini. Ukimaliza mstari wa 2, tua kidogo utaje jambo moja linalokubana: homa ya mumeo, au kodi ya nyumba. Moja tu! Ukitaka kuyamaliza yote utaanza kupanga na kupangua hadi alfajiri, na hiyo si sala tena, ni wasiwasi uliotiwa amina mwishoni. Soma iliyobaki, rudi ulale. Dakika 5 zinatosha. Kesho soma ile ile. Yesu mwenyewe kule Gethsemane aliomba mara 3 kwa maneno yale yale.

Furaha inaingia mstari wa 5. Kuna usiku ambao mstari huo utakukwama mdomoni. Ukikwama, ishia wa 4. Zaburi ya 88 inaishia gizani kabisa, na hakuna aliyeiondoa katika Biblia. Kwa hiyo kutohisi kitu hakuthibitishi kwamba umeachwa. Hata Zaburi ya 46, inayomwita Mungu kimbilio na nguvu, inayasema hayo milima ikiwa inatetemeka.

Usifungue Biblia popote pale kutafuta ishara. Utaangukia mstari wa hukumu na kujitia hofu bure. Usimwekee Mungu sharti la "akipona nitaamini", maana kila jibu la maabara litageuka kuwa kesi kati yako na Yeye. Atakayekudai pesa ili akuombee, mkatalie. Atakayesema dawa ziachwe, usimkaribishe wodini.

Wenzako nao wana kazi, ila si hiyo ya kupima imani. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Waliharibu walipoanza kumweleza kwa nini anateseka. Usingoje mtu akuulize unahitaji nini, kwa sababu ukichoka namna hii hata jibu hulipati. Gawa kazi kwa jina na kwa siku: fulani akeshe na mgonjwa Ijumaa ili ulale nyumbani, fulani afue nguo, fulani akusindikize kwa mwajiri kudai stahili zako.

Na ikikujia ile fikra ya Eliya ya kutamani kufa, usingoje saa ya sala. Mwamshe mtu usiku huo huo, akae nawe, na kukicha mwende pamoja kwa daktari. Ukiona huwezi kungoja kukicha, mwende usiku huo huo.