PMP sasa, au nitafute kwanza mtu wa kunifundisha?

Mdogo wangu, umeuliza kama ulipie sasa mtihani wa PMP, cheti cha kimataifa cha mameneja wa miradi, au umtafute kwanza meneja mzoefu wa miradi. Tafuta mtu. PMP inamtaka mwenye shahada awe ameongoza miradi kwa miezi 36, nawe ndiyo kwanza umehitimu. CAPM, cheti cha wanaoanza fani hiyo, haidai uzoefu. Ukimpata meneja huyo, usimuulize "nifanyeje nifanikiwe?" Mwombe akuonyeshe rejista yake ya vihatarishi, yaani orodha ya mambo yanayoweza kuukwamisha mradi, na ratiba ya mwanzo kabla haijarekebishwa, kisha muulize kila badiliko lilisababishwa na nini: mvua, saruji kuchelewa, au fedha za mfadhili? Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Jitolee pia kuandika mihtasari ya vikao vyake. Wengi wanaikwepa kazi hiyo, lakini utasikia maamuzi yanavyofikiwa.