Mombasa, Malindi na Pate Zimegoma Kulipa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninacheza Europa Universalis IV, mchezo wa kompyuta wa kuongoza dola za kale, nikiwa Kilwa. Nilipozishinda Malindi, Pate na Mombasa sikuzimeza, yaani sikuziunganisha na ardhi yangu, bali nilizifanya nchi tegemezi nikitarajia kodi na askari wao. Sasa zote zimevuka asilimia 50 ya hamu ya uhuru, kipimo cha utayari wao wa kuniasi, na hazinilipi chochote. Je, nilikosea? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hukukosea kuzitiisha, ulikosea kuzilimbikiza zote tatu huku jeshi lako likibaki lilelile. Mchezo huu haupimi nguvu za Pate peke yake, bali hujumlisha nguvu za nchi zako tegemezi zote na kuzilinganisha na zako, kwa hiyo miji mitatu ambayo hakuna hata mmoja unaokutisha inaweza, ikijumlishwa, kukukalia shingoni. Peleka kielekezi juu ya ile asilimia, nawe utaona kila sababu na uzito wake. Bila shaka nguvu za kijeshi zitakuwa miongoni mwa nzito.

Hata hivyo, njia uliyoichagua ina faida ambayo wachezaji wengi huidharau. Jimbo unalolitwaa mwenyewe hugharimu kwa kawaida alama 10 za utawala (alama ni akiba ya mchezaji ya kulipia hatua zake) kwa kila kiwango cha maendeleo ya jimbo, ilhali nchi tegemezi humezwa kwa alama 8 za diplomasia, na alama za utawala ndizo huadimika mapema. Isitoshe, ukipigania ardhi ambayo nchi hiyo ilinyang'anywa zamani, majirani hukasirika kidogo kuliko ungeitwaa kwa jina lako. Gharama yake ni subira: lazima ipite miaka 10 kabla ya kuimeza, na muda wote huo inakalia nafasi moja katika zile chache za uhusiano wa kidiplomasia.

Katika historia halisi, Kilwa yenyewe iliwahi kuwa upande wa pili, ikiwa ndiyo tegemezi. Wareno waliiteka mwaka 1505 wakamsimika sultani waliyemtaka. Aliuawa mwaka uliofuata, na kufikia 1512 wao wenyewe walikuwa wameondoka.

Kwa hali yako, ongeza vikosi kwanza, kisha mtume balozi akaboreshe uhusiano na Pate, kwa kuwa hakuna nchi inayomezwa ikiwa imevuka asilimia 50. Ikishuka chini ya hapo, na miaka yake ikiwa imetimia, anza na hiyo ndogo. Jumla ya nguvu itapungua, na Mombasa haitakuwa na mwenzake wa kumtegemea isipokuwa Malindi.